Honi ya Saa Kumi na Moja na Robo

Basi la njano halina haya.
Linapiga honi Pasua nzima ingali gizani,
majogoo bado yanasafisha koo,
nami nafunga kifungo cha mwisho cha sweta ya Haikaeli,
sweta ya bluu yenye nembo ya mwenge na kitabu,
niliyoilipia kwa mkopo wa Saccos.
Sweta imeanza kupauka, riba haijaisha.

Anapanda. Kioo kina ukungu, mkono wake nauona nusu.
Basi litapita kwanza mbele ya geti la shule ninayofundisha,
dakika nne kwa mguu kutoka mlangoni kwangu,
kisha Majengo, kisha mjini,
lipande taratibu hadi kwenye mijakaranda ya Shanty Town,
ambako watoto wa madaktari na wa wenye kampuni za kupandisha wageni mlimani
wanajifunza kuhesabu kwa Kiingereza.

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne B.
Nina watoto mia moja na wawili,
madawati thelathini na moja.
Wanakaa watatu watatu, na tisa chini,
na kila Jumatatu nateua tisa wengine.
Hakuna anayelalamika. Hilo ndilo linaloniumiza.

Shafii, mtoto wa fundi viatu, yupo dawati la tatu.
Yeye na Haikaeli walijifunza kutembea wakishika ukuta mmoja,
huyu upande huu, yule upande ule.
Wakacheza kombolela mpaka wakaitwa ndani
na mama yeyote aliyetangulia kukasirika.
Siku hizi Haikaeli anarudi jua likizama, na mkoba wa mazoezi.
Shafii hupiga mpira ukutani mara mbili,
husikiliza,
huondoka.

Kwenye kikao cha wazazi Mwalimu Mkuu Sekiete alisema,
"Shule ni ya mtaa. Tusiikimbie."
Nilipiga makofi kuliko wote.
Mama Shafii hakunitazama usoni.
Alinitazama mikono.

Msiniambie kinyozi hajinyoi.
Nimelijibu hilo usiku mwingi, kichwa juu ya madaftari:
nimezaa mmoja, siwezi kumfanya mfano.
Jibu zuri. Linanifikisha mpaka asubuhi.
Lakini choo cha wasichana kilipotitia mwezi wa tatu,
nilihesabu wazazi wa kwenda kupaza sauti halmashauri,
wale wanaojua mlango upi wa kugonga,
na kila niliyemkumbuka
mtoto wake yupo ndani ya basi la njano.
Nikajihesabu na mimi.

Masika yakaja, barabara ikawa uji.
Siku moja honi haikulia.
Nikamshika Haikaeli mkono, tukatembea zile dakika nne.

Walisogea, dawati la tatu likawa la wanne.
Nilikuwa nafundisha kugawanya.
Haikaeli alipata jibu kabla ya wote,
ila hakujua namba ile ya mwisho inaitwaje kwa Kiswahili.
Shafii akatoa karanga tano mfukoni,
akampa mbili, akajipa mbili.
"Hii moja iliyokosa mwenyewe," akasema,
"ndiyo baki."

Niligeukia ubao. Nilifuta mahali palipokuwa safi.

Jioni, napepea jiko, akaniuliza:
"Mama, wewe unafundisha vizuri?"
"Ndiyo."
"Vizuri kabisa?"
"Kabisa."
"Sasa mbona..."
Maji yakachemka, au nilisema yamechemka.

Siku ya pili jua likakausha njia.
Honi ikalia, saa kumi na moja na robo kamili.
Nikafunga vifungo kuanzia chini, kama kawaida,
na mfukoni mwa sweta, chini ya mwenge na kitabu,
kidole changu kikagusa karanga moja.

Nikaiacha palepale.
Dereva akapiga honi tena.